Deni la chumvi na maharage: historia ya kupima vifungo vya kemikali

Chungu kimoja cha maharage jikoni Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kinabeba habari za vifungo viwili vilivyowahangaisha wanakemia kwa miaka mingi. Kimoja kimo kwenye chumvi, kingine kilivunjwa shambani kabla maharage hayajavunwa.

Tuanze na chumvi. Kabla ya chumvi ya pakiti, watu wa Buha, nchi ilipo Kasulu, waliipata Uvinza, karibu na pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Uchimbaji uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi imepikwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Karne ya 19, kila kiangazi watu walimiminika kwenye chemchemi zile, wakachemsha maji vyunguni hadi chumvi ikabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakajenga kiwanda chao, wakakiita Gottorp.

Moto wa Uvinza ulifukuza maji tu. Chumvi yenyewe haiyeyuki kwa moto mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi, kwa sababu ioni za sodiamu na za klorini zimeshikana kwa nguvu kubwa. Kubwa kiasi gani? Hakuna mizani ya kuning'iniza kifungo cha kemikali. Anayetaka kujua nguvu yake huuliza kinadai joto kiasi gani ndipo kiachie.

Njia ya kuhesabu deni hilo ilifunguliwa mwaka 1840 na Germain Hess, aliyekuwa akifanya kazi Urusi. Aligundua kuwa jumla ya joto la badiliko la kemikali haitegemei njia iliyopitwa, bali mwanzo na mwisho wake. Basi deni lisilopimika moja kwa moja hupatikana kwa kujumlisha na kutoa yale yanayopimika, kama mwenye duka anavyofunga daftari lake jioni.

Mwaka 1919 Wajerumani wawili, Max Born na Fritz Haber, waliitumia hesabu hiyo kwa fuwele kama za chumvi. Leo jibu la chumvi ya mezani linajulikana: takriban kilojuli 787 kutenganisha kabisa ioni zilizomo katika gramu 58 hivi, yaani moli moja. Mwaka 1932 Mmarekani Linus Pauling akalinganisha nishati za vifungo mbalimbali, na tofauti zao zikampa kipimo cha jinsi kila elementi inavyozivuta elektroni.

Lakini mbona chumvi hiyohiyo huyeyuka kwenye mchuzi bila taabu? Ni kwa sababu molekuli za maji huzizunguka ioni na kuzishika upya, na mshiko huo hurudisha karibu nishati yote iliyodaiwa. Upungufu unaobaki ni kilojuli 4 hivi.

Haber huyohuyo ndiye anayetupeleka kwenye maharage. Atomu mbili za naitrojeni hewani zimefungana mara tatu, na kuzitenganisha kunadai kilojuli 945 kwa moli, karibu mara nne ya kifungo cha atomu mbili za klorini, kinachodai 242. Haber aliunganisha naitrojeni na haidrojeni kupata amonia kwa kutumia kichocheo, joto kali na mgandamizo mkubwa, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Mbolea nyingi za viwandani zinatokana na kazi hiyo.

Mkulima wa Rungwe Mpya aking'oa shina la maharage huweza kukuta vinundu mizizini. Humo mnaishi bakteria wanaokifungua kifungo hicho cha naitrojeni kwa kimeng'enya, katika joto la kawaida la udongo. Si kwamba wamesamehewa deni. Mmea huwalisha sukari uliyoitengeneza kwa jua, nao huulipa naitrojeni kidogo kidogo, msimu mzima.