Sanduku la Funguo Tatu: Tulikotoka na Tulichojifunza



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Wengi hutuuliza wanawake wasioweza kuweka hata shilingi mia waliwezaje kubadilika. Jawabu tulilozoea kutoa ni "juhudi". Lakini tukisema kweli, juhudi tulikuwa nayo tangu zamani. Kilichobadilika kwanza si mioyo yetu, ni mahali pesa inapolala.

Tulikotoka

Kwetu Unguja mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kisha ukaenea pwani. Wakulima wengi walikuwa wanawake, na wengi wetu ndipo tuliposhika pesa yetu wenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini kushika siyo kuweka. Pesa tulifunga kwenye pindo la kanga au tukatia kibubu. Pindo hufunguliwa kila akipita muuza samaki. Kibubu kiko uvunguni. Mtoto akiugua usiku, au mjomba akija na shida yake, kinavunjwa. Utamwambiaje mjomba huna, na kibubu anakisikia kinalia? Basi kila mwaka tuliapa kwamba safari hii tutaweka, na kila mwaka tukajiona hatuna akili ya pesa.

Upatu ulisaidia kidogo. Lakini zamu haingoji shida, wala shida haingoji zamu.

Sanduku

Njia tunayoifuata haikuanzia kwetu. Ilianza nchi ya Niger, upande wa Maradi, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE. Kwa Kihausa vikundi vile viliitwa Mata Masu Dubara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo ikafika Unguja, vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Sie tuliipokea kwa majirani miaka kumi iliyopita.

Siri yake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Anayekaa na sanduku hana ufunguo. Funguo ziko kwa watu watatu wengine, na linafunguliwa mbele ya wote siku ya kikao. Kila mmoja hununua hisa moja hadi tano, mwenye haja hukopa, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mjomba akija sasa, jibu ni la kweli: "Pesa iko sandukuni, na ufunguo sina." Hakuna aliyemnyima wala aliyegombana naye. Mtu hahitaji tena kupigana na moyo wake kila usiku, anahitaji kuja kikaoni tu.

Tulipokosea

Hapa inabidi tuseme la aibu, maana historia siyo ya sifa peke yake.

Mwaka wa pili tulikuwa tukikutana kila Jumapili. Mwenzetu mmoja, anayeishi kwa mwani tu, wiki hii anunua hisa, wiki ijayo hana hata moja. Tulimpiga faini mara tatu. Mara ya tatu tukamwambia mbele ya watu kwamba hana nia ya kubadilika. Akaondoka.

Ameshaondoka ndipo tulipofungua daftari tukatazama tarehe. Wiki alizokosa zote zilikuwa za kabla ya mwani wake kuuzwa. Mkulima wa mwani huingia shambani wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali. Huvuna, huanika siku kadhaa, ndipo huuza. Pesa yake hufuata maji, haifuati Jumapili. Sie wenye genge na maandazi, tunaopata kila siku, ndio tuliomhukumu. Na habari ya maji tumezaliwa nayo sote!

Tukabadili. Kikao kikawa mara mbili kwa mwezi, baada ya bamvua, mwani ukishauzwa. Wale tuliokuwa tukiwaita wazito wakawa wananunua hisa kama wengine.

Mgao nao ulitufunza. Wa kwanza tuliufanya siku chache kabla ya Sikukuu, na pesa ikaishia kwenye nguo. Tulilaumiana sana. Baadaye tukauweka karibu na kufunguliwa skuli, tena wanaotaka bati huenda dukani pamoja siku ile ile. Wanawake ni wale wale, lakini sasa watoto wana sare na nyumba kadhaa zimeezekwa.

Hatusemi kwamba juhudi haina kazi. Sanduku halijibebi, na wapo waliolibeba kwenye mvua. Lakini wazee walisema penye nia pana njia, na sie tumeona pia kwamba nia isiyo na njia huishia kujilaumu.

Tunachoomba

Mwenzetu yule hajarudi. Tulimfuata mara mbili, akatupokea vizuri, akatupa chai, lakini kikundi hakutaka. Leo tunamwomba radhi kwa maandishi. Dada, kosa lilikuwa letu, na nafasi yako ipo.

Na nyie wanachama wapya, mwenzenu akishindwa, msianze na moyo wake. Ulizeni kwanza: pesa yake huja lini? Inalala wapi? Nani anaiona? Mkishajibu hayo matatu, mara nyingi mtaona la kurekebisha ni kikao, siyo mtu.



Kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti