Saratani ya utumbo mpana inapoingia nyumbani: msaada kwa mume au mke wa mgonjwa



Jumapili moja baada ya ibada, ndugu mmoja wa parokia alitufuata ofisini akiwa na bahasha ya hospitali. Ndani yake mlikuwa na majibu ya vipimo vya mke wake: saratani ya utumbo mpana. Mama mwenyewe alikuwa nje na wamama wenzake, akijua kwamba anatibiwa amiba. Ndugu yule alituomba tuombe pamoja naye, tena tumsaidie kutunza siri. Tuliomba, na siri tuliitunza. Wiki tatu baadaye mama aliikuta bahasha chini ya godoro, akampa binti yake amsomee ile Kifaransa. Alipokuja kwetu hakulia juu ya ugonjwa. Alisema tu: "Mchungaji, kumbe nyote mlikuwa mmekwisha kunizika."

Tulimwomba msamaha. Tangu siku ile tunawaambia watu wa ndoa kwamba ugonjwa huu huwashika wote wawili, na hawawezi kuubeba pamoja ikiwa mmoja amefichwa. Tumekusanya hapa mambo ambayo yafaa mume au mke wa mgonjwa ayajue.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, wenye urefu wa karibu mita 1.5. Mara nyingi saratani yake huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani, kisicho na maumivu. Kinyama hicho huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kabla ya kugeuka kuwa saratani.

Dalili zake ni damu katika choo, choo kinachobadilika kwa wiki nyingi (kuhara au kufunga), maumivu ya tumbo, kukonda, na uchovu wa kupungukiwa damu. Kwetu dalili hizi hufanana na zile za amiba, minyoo au bawasiri, ndiyo maana wengi hunywa dawa za farmasi kwa miezi kabla ya kupimwa vizuri. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwenu, msihukumiane. Hata madaktari huanza kwa kutafuta magonjwa ya kawaida.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mnaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Pia si karuho, wala si laana ya ukoo. Tunalisema hili wazi kwa sababu tumeona mama anayemhudumia mume wake akishitakiwa na ndugu za mume kwamba amemtilia sumu. Mzee wa kanisa akisikia maneno hayo asikae kimya. Awaite ndugu hao wamsikilize daktari wenyewe.

Kuambiana ukweli

Ukipewa majibu peke yako, usiyafiche. Mwombe daktari awapokee wote wawili. Kabla ya hapo, muulize mwenzako kwa upole: "Ungependa kujua yote, ama kidogo kidogo?" Mgonjwa ana haki ya kuchagua mwendo wa kusikia habari zake, lakini sisi hatuna haki ya kumchagulia kutojua. Asiyejua ugonjwa wake hawezi kukubali upasuaji kwa moyo, wala kuaga, wala kuomba kile anachokihitaji kweli.

Mwende na daftari, kwa sababu siku hiyo masikio husikia nusu tu. Andikeni majibu ya maswali haya:

- Je, saratani imethibitishwa kwa biopsi, yaani kipande cha nyama kilichotazamwa katika laboratwari?
- Iko ngazi ya ngapi? Ngazi ya 1 iko ndani ya ukuta wa utumbo. Ya 2 imekwenda ndani zaidi, hata kuupita ukuta. Ya 3 imefika katika tezi zilizo karibu. Ya 4 imefika viungo vya mbali, hasa ini au mapafu.
- Matibabu haya ni ya kuponya, ama ni ya kurefusha maisha na kupunguza maumivu?
- Yatagharimu kiasi gani kwa jumla, na yatachukua muda gani?
- Tukiona hatari usiku, tumpigie nani?

Swali la tatu ni gumu kulitamka, lakini lisiachwe. Tumeona familia ikiuza shamba lote bila kuuliza, halafu wakakosa hata pesa ya dawa za maumivu.

Pesa na safari

Upasuaji unafanyika katika hospitali kadhaa kubwa za miji yetu. Kemoterapia ni haba zaidi, na wagonjwa wengi wa Kivu huvuka mpaka. Wengine huenda Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka wa 2012. Wengine huenda Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Kabla ya kusafiri, ombeni nakala ya kila karatasi: majibu ya biopsi, picha za skana, ripoti ya upasuaji. Bila karatasi hizo mtalipa vipimo vilevile mara ya pili.

Itisheni mkutano wa familia mapema, pamoja na mzee mmoja wa kanisa awe shahidi. Hesabuni dawa, na pia usafiri, chumba, chakula cha msindikizaji, na karo ya watoto wanaobaki nyumbani. Mtu mmoja atunze daftari la michango. Kama mko katika likelemba au AVEC, waelezeni wenzenu hali yenu kabla ya kuanza kukosa zamu.

Upasuaji na mfuko

Kwa kawaida daktari hukata sehemu yenye saratani na kuunganisha utumbo. Mara nyingine hulazimika kutoa mwisho wa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, na choo huingia katika mfuko uliobandikwa hapo. Kwa wengine mfuko ni wa miezi, kwa wengine ni wa maisha.

Hapa ndoa nyingi hujaribiwa. Mgonjwa huona haya na kuogopa harufu, hujifunika kikwembe hata mbele ya mwenzake, na huacha kuja kanisani. Jifunze kubadili mfuko ukiwa bado hospitalini, muuguzi akikuonyesha. Safisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu na uikaushe vizuri kabla ya kubandika. Mwenzako atatazama uso wako siku ya kwanza kuliko mikono yako. Ndugu mmoja alituambia kwamba alikuwa akipiga hadithi za ujana wao kila anapobadili mfuko wa mke wake, mpaka siku moja mke akacheka. Jumapili iliyofuata walirudi ibadani pamoja, wakakaa karibu na mlango.

Wakati wa kemoterapia

Baada ya upasuaji wa ngazi ya 3, mara nyingi hufuata kemoterapia ya miezi 3 hadi 6. Shikeni mambo haya:

- Nunueni kipimajoto. Homa ya 38 au zaidi wakati wa kemoterapia ni hatari ya siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya malaria na kungoja asubuhi. Mpeleke hospitali, kwa sababu mwili wake umepungukiwa nguvu ya kupigana na vijidudu.
- Oksaliplatini, dawa inayotumiwa sana, huleta ganzi katika mikono na miguu, na kugusa maji baridi huuma. Asifue wala asichote maji asubuhi. Mpashie maji ya kunywa na ya kuoga.
- Kwa siku 2 baada ya dawa, vaa glavu unapogusa matapishi au choo chake.
- Mzuieni mimba wakati wote wa kemoterapia, kwa sababu dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Muulizeni daktari bila haya.
- Dawa za mitishamba zisinywewe kwa siri. Nyingine hugombana na kemoterapia au kuumiza ini.

Maombi na dawa

Wako watakaowaambia kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Katika 2 Wafalme 20, mfalme Hezekia aliomba akilia, Mungu akamsikia, na nabii yuleyule aliyemletea jibu akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa vilikwenda pamoja. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili apone hasemi kwa niaba ya kanisa letu. Na mgonjwa asipopona, asiambiwe kwamba imani yake, au ya mwenzake, ilikuwa ndogo.

Watoto

Watoto hutambua kabla hatujawaambia. Wapeni jina la ugonjwa kwa maneno mafupi, wahakikishieni kwamba hawakuusababisha, na waambieni nani atawapikia na kuwapeleka shuleni.

Kuna jambo jingine la kuwakinga. Watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wako katika hatari kuliko watu wengine. Kwa kawaida hushauriwa wapimwe kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao mgonjwa alipogunduliwa, ule unaotangulia. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 45, watoto wake wapimwe wakifika 35. Kinyama kikionekana mapema hutolewa kabla hakijawa saratani.

Wewe unayehudumia

Watu watakuuliza habari za mgonjwa, wachache watauliza habari zako. Lala usiku mmoja kamili kwa wiki, na mtu mwingine akeshe. Ukikasirika juu ya mwenzako, hujaacha kumpenda, umechoka. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia hayo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Muombe Mungu akupe rafiki wa namna ya siku zile saba.

Kutengeneza mambo ya nyumba

Hezekia aliambiwa apange mambo ya nyumba yake, na baadaye akaishi miaka 15 zaidi. Kupanga hakuleti kifo. Kama ndoa yenu ni ya kanisa na ya kimila tu, iandikisheni mbele ya Serikali. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, humtambua mjane kati ya warithi, lakini ndoa isiyoandikishwa humwacha bila ulinzi mbele ya ndugu wanaodai nyumba. Wekeni pamoja karatasi za shamba, za madeni na za watoto.

Ugonjwa ukizidi, maumivu yasihesabiwe kuwa msalaba wa lazima. Morfini ya kunywa hutuliza maumivu makali ya saratani, na kuiomba si dhambi.

Kwa parokia

Msingoje matanga ili kuchanga. Kikwembe na mafuta mtakayoleta siku ile vingemfaa sasa. Gawaneni siku: mmoja alete chakula, mwingine alale hospitalini, mwingine awasimamie watoto masomo. Na mkifika, ongeeni na mgonjwa mwenyewe, si juu yake.

Yule mama wa bahasha alifanyiwa upasuaji mwaka uleule. Hospitalini daktari alipoanza kumweleza mume pembeni, mume alisema: "Daktari, tungoje kidogo, mke wangu anakuja." Hatukumfundisha sisi maneno hayo, lakini tunawaachia ninyi.

Bwana awatie nguvu wote mnaohudumu kitandani pa wapenzi wenu.