Sauti Nene na Kipaza Sauti

Katika kibanda cha fundi mmoja wa redio mjini Tunduma, hatua chache kutoka barabara ambayo malori husimama foleni kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kila chombo kinacholetwa kutengenezwa hubandikwa kipande cha karatasi chenye maradhi yake kwa neno moja au mawili: "haina sauti", "inapiga mluzi", "inakwaruza". Mabandiko hayo nimeyasoma mara nyingi nikingoja zamu yangu, nami nayahesabu kuwa kamusi ndogo iliyo aminifu kuliko baadhi ya kamusi kubwa, kwa kuwa aliyeyaandika hakuwa na haja ya kuonekana mjuzi. Alitaka tu msaidizi wake asifungue kitu kisichostahili kufunguliwa. Hapo ndipo nilipomkuta siku moja kijana mwenye kinanda cha mdomo mfukoni, akiomba jambo lisilokuwa na karatasi yake. Alitaka amplifaya itakayompa "sauti yenye joto". Fundi, ambaye kwake joto ndani ya amplifaya ni dalili ya transista inayokaribia kuungua, alimwuliza moshi umeanza lini.

Kosa halikuwa la kijana wala la fundi. Wapigaji wa bluzi wa Marekani husema kuwa sauti fulani ina joto, na kijana aliyeyasoma maneno yao aliyachukua kama yalivyo, akayavika kanzu ya Kiswahili, akadhani yamekwisha kuwa Kiswahili. Lakini lugha yetu tangu jadi haipimi sauti kwa joto na baridi. Huipima kwa unene na wembamba, kwa uzito na wepesi, na aghalabu kwa ulimi, kana kwamba sauti huonjwa: sauti tamu, sauti kali, sauti kavu. Alitakalo mpigaji yule lina jina lake kwetu, nalo ni sauti nene. Wala sisemi hivi kwa kuionea fahari lugha yangu, bali kwa sababu istilahi hii, kinyume cha ile ya joto, inaeleza hasa kinachotendeka ndani ya vyombo.

Kinanda cha mdomo cha namna ile, ambacho kiwanda cha Hohner, kilichoanzishwa mwaka 1857 katika mji wa Trossingen nchini Ujerumani, kilikieneza duniani, kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba, nusu zikilia kwa kupuliza na nusu kwa kuvuta pumzi. (Wamarekani hukiita kinubi, na ole wake mfasiri atakayewafuata hapo bila kutanabahi.) Kila ulimi unapotikisika hautoi sauti moja, hutoa sauti mama pamoja na kizazi chake chote cha sauti za juu, na kwa kuwa ulimi wenyewe ni mwembamba na mgumu, wajukuu na vitukuu hupiga kelele kuliko mama yao. Hiyo ndiyo sababu kinanda hiki, kikipigwa peke yake uwanjani, huchoma sikio. Kuinenepesha sauti yake, basi, ni kuwanyamazisha vitukuu na kumpa mama nguvu, na kazi hiyo hufanywa na vyombo vitatu ambavyo Kiswahili chetu cha ofisini kimevisonga katika jina moja.

Jina lenyewe ni kipaza sauti. Tunaliita hivyo dude ambalo mhubiri wa sokoni hulishika mkononi na kulisemea, na tunaliita vivyo hivyo lile la honi lililofungwa juu ya paa la gari lake, ambalo ndilo linalotunyima usingizi. Kupaza ni kuinua, na cha mkononi hakiinui kitu. Kazi yake ni kulipokea pigo la hewa na kuligeuza umeme, umeme hafifu mno hata usingeweza kumwamsha nzi. Mafundi waliuona upungufu huu zamani, wakajiendea zao na maiki, amplifaya na spika, kila kimoja na lake. Nami ningependa cha kwanza kibaki maiki, cha kati kiitwe kikuza sauti, na cha mwisho peke yake ndicho kirithi jina la kipaza sauti, maana ndicho kinachopaza.

Maiki inayosifiwa zaidi na wapigaji hawa ni chombo ambacho mwimbaji wa leo angekikataa. Shure ya aina ya 520, iliyotoka mwaka 1949, ni kidude cha kijani chenye umbo kama taa ya baiskeli ya zamani, kilichokusudiwa maneno matupu, kama yale ya mwita teksi au mtangaza treni. Toleo lake la siku hizi hupokea sauti za mitikisiko 100 hadi 5,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mzima hufika karibu 20,000. Yaani huwafungia mlango vitukuu wale wale tuliowataja. Mwenziwe, JT-30 ya Astatic, ilikuwa na fuwele ya chumvi iitwayo Rochelle, ambayo hutoa umeme inapobanwa, nayo huchelea joto na unyevu, hata mtu angekuwa na haki ya kusema kwamba nyanda zetu za Mbozi na Tunduma, pamoja na baridi yake ya Juni, zingeitunza vizuri kuliko Dar es Salaam.

Fauka ya maiki kuna mikono. Mpigaji huishika maiki na kinanda pamoja, akaviziba kwa viganja vyote viwili hata kusiwe na upenyo, na hewa iliyofungwa humo huipiga maiki kwa nguvu kuliko iwezavyo kustahimili. Little Walter, mzaliwa wa Louisiana aliyefanya kazi yake Chicago, alilijua jambo hili kuliko wenziwe, na wimbo wake usio na maneno, "Juke", aliourekodi mwaka 1952, ndio uliowaonyesha wengi kwamba kinanda kidogo cha mfukoni chaweza kuwa na kifua cha saksafoni.

Katika kikuza sauti, hoja kubwa ni valvu. Wimbi la umeme likizidi kimo, transista hulikata kichwa papo hapo, kama panga likatavyo bua la muwa, na mkato huo mkali huzaa sauti nyingine kali za juu. Valvu, ile chupa ya kioo yenye uzi unaowaka ndani, hulikandamiza kidogo kidogo, kama mkono juu ya unga uliokandwa, na sauti zinazozaliwa humo hukaa karibu na mama yao. Hata hivyo, valvu yenye kukuza mno si neema. Ile iitwayo 12AX7 hukuza takribani mara 100, na maiki iliyozibwa viganjani mbele yake huanza kupiga mluzi kabla mpigaji hajavuta pumzi. Wengi huing'oa, wakatia mahali pake 12AY7, ambayo haifiki nusu ya hapo.

Kuhusu maiki za kawaida za waimbaji niseme kwa ufupi: zafaa, zikibanwa vizuri, ila kati yake na kikuza sauti cha valvu sharti itiwe transfoma ndogo, kwa kuwa ukinzani wa moja ni mdogo na mlango wa kingine umezoea ukinzani mkubwa.

Limebaki neno lililo gumu. Kasoro hii yote ya kubana na kukata wimbi, wataalamu wetu huiita upotoshaji, neno la mahakamani, kana kwamba sauti imetoa ushahidi wa uongo. Lakini je, Wagogo, ambao kwenye tundu la ilimba, kinanda chao cha vyuma kipigwacho kwa vidole gumba, hugandisha utando wa yai la buibui ili kila noti itoke na mvumo wake, walikuwa wakipotosha nini? Na Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, aliyeunda maiki za likembe, ndugu ya ilimba, kwa sumaku za magari mabovu ili kundi lake la Konono N°1 lisimezwe na kelele za mji, alipata mlio mkali uliochakaa, akauacha ulivyo, hata Ulaya ikaja kuushangaa miaka ya 2000. Sikio la Kiafrika halijapata kuona haya ya sauti yenye mchanga ndani yake. Kwa hiyo nasimama na bandiko la fundi: ni mkwaruzo. Neno hili halimhukumu mtu. Husema tu jinsi kitu kinavyosikika, na anayetaka kukisifu au kukilaani ana hiari yake.

Fundi mwenyewe, alipoelewa mwisho wa maneno mengi kwamba kijana anataka sauti nene, hakusema neno. Aliingia nyuma ya pazia akatoka na matumbo ya redio kubwa ya mbao, valvu zake zimeota vumbi, akayachomeka kwenye umeme, mkono wake wa kushoto ukiwa mfukoni, kama wafanyavyo mafundi wa kale mbele ya volti zaidi ya 200 ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua. Uzi ukawaka polepole, mwekundu. Kijana aliziba maiki, ikapiga mluzi. Akarudi nyuma hatua mbili, fundi akapunguza kitufe. Kisha kijana akavuta pumzi katika tundu la pili, na kilichotoka kwenye spika ile iliyochanika ukingoni kilikuwa kizito hata utingo wa lori lililosimama nje akafungua mlango kutazama.

Walielewana bei. Kwa kuwa waya mmoja ulitaka kulehemiwa upya, chombo kilibaki kibandani mpaka kesho yake, na fundi akakikatia karatasi kama kaida. Niliisoma nilipokuwa nikitoka: "Inakwaruza. Isitengenezwe."