Sisi Majirani wa Wahadzabe

Mjukuu wangu alipokuja likizo na kompyuta yake, tulitazama pamoja filamu iitwayo The Hadza: Last of the First, iliyoongozwa na Bill Benenson na kutolewa mwaka 2014. Jina hilo lina maana ya watu wa mwisho miongoni mwa wale wa kwanza. Tulifurahi kuona wanaume na pinde zao, na wanawake wakichimba mizizi. Lakini filamu inaonya pia kwamba ardhi ya Wahadzabe inazidi kumegwa. Mjukuu akaniuliza, "Babu, hao wanaoimega ni akina nani?"

Sikumjibu. Kwanza nilikasirika, maana mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, na bonde la Yaeda limo katika wilaya yetu. Hasira ilipopoa, nilianza kutafakari historia.

Wazee wetu walibanana katika milima ya Kainam, na wakati wa ukoloni wakaenea huku na huku wakitafuta mashamba na malisho. Kule Hanang, kuanzia mwaka 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika eneo la Basotu, ambayo yalifikia ekari kama 100,000. Wabarabaig waliokuwa wakichunga hapo wakakosa malisho, na baadhi yao wakaingia Yaeda na ng'ombe wao. Hivyo aliyesukumwa alimsukuma mwenziwe.

Wahadzabe wenyewe walikuwa wamekwisha kuguswa. Mnamo 1964 na 1965 Serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili wawe wakulima. Maradhi yakawaandama, na wengi wakarudi porini. Tatizo ni kwamba sisi wenye majembe na mifugo tuliliona pori lile kuwa tupu. Mwindaji hapandi ua wala hafyeki mpaka. Basi tukadhani hana chake.

Hapo ndipo ninapoona faida ya filamu. Mwaka 1966 James Woodburn na Sean Hudson walitoa filamu juu ya namna Wahadzabe wanavyotafuta chakula chao. Mtu akiitazama hawezi tena kusema kwamba pori lile halikuwa na wenyewe.

Sheria ilichelewa kusema hivyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000, kufuatana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ni jambo jema, ingawa karatasi peke yake haimzuii ng'ombe kuvuka mpaka. Anayemzuia ni mwenye ng'ombe.

Asubuhi yake nilimjibu mjukuu wangu: "Ni sisi, pamoja na waliotusukuma. Lakini kusukumwa si ruhusa ya kusukuma."