Kisanduku cha Tisa

Kama umetarmaki siku hizi, hii picha unaijua: maumbo manane kwenye safu tatu, kisanduku cha tisa hakina kitu, na saa kwenye kona ya skrini inakula sekunde. Jaza pengo. Kuhusu kazi yenyewe bado hujaulizwa lolote.

Mtihani huu ni wa kitambo. John Raven, mwanasaikolojia Mwingereza, aliuchapisha 1938, na wala hakuwa anaajiri mtu. Alikuwa akichunguza jinsi ulemavu wa akili unavyofuatana katika familia, akahitaji kipimo ambacho hata asiyejua kusoma angekiweza. Vita vikaja, jeshi la Uingereza likakitumia kuchambua makuruti. Baadaye, kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, Simon Biesheuvel na wenzake walitunga vipimo vyao visivyo na maneno, maelekezo yakitolewa kwa filamu bubu. Vilisaidia kuamua nani apewe sepetu, nani afunzwe mashine, nani awe nyapara.

Wengi waliamini kwamba picha haina lugha, basi haimpendelei mtu. Sasa njoo Embu. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa huko kwa picha za Raven, kisha 1998 wakapima watoto wengine wa umri uleule, eneo lilelile. Alama zilikuwa zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadilisha damu ya watu. Kilichokuwa kimebadilika ni nyumbani: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo, lishe ilikuwa afadhali. Kumbe picha nayo husomwa, na kusoma ni mazoea. Kwa hivyo anayekwambia kujipima nyumbani ni kuiba mtihani, mwache aseme. Tega saa, fuata safu kwenda kulia, kisha shuka chini, uangalie kinachozunguka, kinachoongezeka, kinachofutika.

Maswali ya tabia ni hadithi nyingine. Hayo pia yana asili ya kijeshi: Robert Woodworth aliyatunga Marekani wakati wa Vita vya Kwanza, majibu ni ndiyo au hapana, ili kuwanasa askari ambao wangevunjika akili kwa mabomu. Vita vikaisha kabla hayajatumika, lakini mtindo wake ukahamia maofisini. Kufikia 1956, William H. Whyte alifunga kitabu chake kuhusu watu wa makampuni kwa somo zima la kudanganya mitihani hiyo: jibu kama mtu wa kawaida kabisa. Ila watunzi hawakuwa wamelala. Kipimo cha Minnesota cha 1943 kilikuwa tayari na mitego, vijidhambi ambavyo kila mtu anavyo. Ukivikana vyote, karatasi inakuhesabu mwongo. Malaika haajiriwi.

Na kuna waliokataa kabisa kupimwa hivyo. Julai 2, 1965, siku sheria ya Marekani dhidi ya ubaguzi kazini ilipoanza kufanya kazi, kampuni ya umeme ya Duke Power ilianza kudai mitihani kwa kazi nzuri za kituo chake cha North Carolina. Willie Griggs na wenzake 12, Weusi waliokwama idara ya vibarua, walienda kortini. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba mtihani unaowafungia watu nje lazima uhusiane na kazi yenyewe. Mmoja wa mitihani waliyoupinga ulikuwa wa dakika 12.