Asilimia 100 ku Exetat: shule imehesabu watoto gani?

Matokeo ya Exetat yakitoka, kazi ya kwanza ni poda. Vijana wanamwagiana poda nyeupe barabarani, mamá wanapiga vigelegele, motari wanapiga honi bila kulipwa. Siku mbili tatu baadaye kazi ya pili inaanza, ni kuhesabu shule. Ile imetoa 100, ile ingine 62. Kwenye makundi ya WhatsApp orodha zinazunguka, shule kumi za kwanza za mji au za komini, na mara nyingi hakuna anayejua nani alizitengeneza. Mwezi wa tisa mzazi anamtoa mtoto shule moja na kumpeleka nyingine. Pengine analipa mara mbili ya pesa alizokuwa analipa, ao mtoto anavuka mji mzima kwa miguu kila asubuhi, juu ya namba moja tu.

Namba hiyo ni hesabu ndogo sana. Unachukua wanafunzi waliofaulu, unagawanya kwa wanafunzi waliokaa kwenye mtihani, unazidisha kwa 100. Matokeo yenyewe yanatolewa shule kwa shule na opsioni kwa opsioni, kila aliyefaulu na asilimia yake. Mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kujipangia orodha. Kinachosahaulika ni kwamba hesabu inaanzia mlangoni mwa kituo cha mtihani. Mtoto ambaye hakufika mlango huo, kwa orodha ile hajawahi kusoma.

Tuchukue shule mbili za mfano. Shule A ilipokea watoto 120 katika darasa la kwanza la humanités. Miaka minne baadaye, wafinalisti walioandikishwa ni 45, na 44 wanafaulu. Hiyo ni karibu asilimia 98, bango linapandishwa kwenye ukuta. Shule B ilipokea 110, ikafikisha 90 kwenye mtihani, 72 wakafaulu. Asilimia 80, hakuna bango. Lakini ukihesabu kutoka mlango wa kuingilia, shule A imetoa diploma 44 kwa watoto 120, yaani asilimia 37 hivi. Shule B imetoa 72 kwa 110, asilimia 65. Mzazi anayepeleka mtoto leo hajui kama wake atakuwa kati ya wale 45. Anachojua ni bango.

Wale 75 wa shule A walienda wapi? Si lazima kuwe na ubaya. Wengine walihama na wazazi, na huku mashariki vita vimehamisha madarasa mazima. Wengine walikosa pesa, kwa sababu masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, na humanités wazazi wanaendelea kulipa. Wasichana wengine waliolewa ao walipata mimba. Lakini kuna pia wale walioambiwa mwisho wa darasa la tatu: "utapanda darasa, lakini ukatafute shule ingine." Kila mzazi Congo analijua neno hili. Mtoto dhaifu anaondoka kabla ya mwaka wa mtihani, anaenda kuandikishwa kwa jirani, na akianguka, anaanguka kwenye hesabu ya jirani. Shule ya kwanza inabaki safi.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini prefe anaitaka ile 100. Shule ya serikali, iwe ile inayoitwa officielle ao conventionnée inayosimamiwa na Kanisa Katoliki, Waprotestanti, Wakimbangu ao Waislamu, haiishi kwa mshahara wa serikali peke yake. Pesa za wazazi ndizo zinanunua chaki, na mara nyingi ndizo zinamlisha mwalimu ambaye hajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Wanafunzi wakipungua, pesa zinapungua. Kwa hiyo asilimia kubwa ni tangazo la biashara, hata kwa shule isiyo ya biashara.

Tena kuna ukubwa wa shule. Opsioni yenye wafinalisti 8, mmoja akianguka, inashuka kutoka 100 hadi 87,5. Yenye wafinalisti 120, mmoja akianguka, inabaki na 99. Ndiyo maana Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilipokuwa linapanga shule za kidato cha nne, kwa miaka mingi lilitenga shule zenye watahiniwa 40 na zaidi na zile zenye chini ya 40. Baadaye liliacha kabisa: Januari 2023, likitangaza matokeo ya 2022, halikutoa tena orodha ya shule kumi bora, kwa maelezo kwamba haina tija kulinganisha shule zisizofanya kazi katika mazingira mamoja.

Kwetu kuna ugumu wa opsioni pia. Pedagojia, biokemia, biashara, ushonaji, umeme, kila moja ina mtihani wake wa kozi za opsioni. Kusema shule ya ufundi yenye 70 ni mbaya kuliko shule ya pedagojia yenye 85 ni kupima mihogo na mafuta kwa ndoo moja. Na ile "kufaulu" yenyewe inaanzia 50. Shule ambayo wote wamepata kati ya 50 na 54, na shule ambayo nusu yao wamepita 65, zote zinaandikwa 100. Mtoto anayetaka kuingia polytechnique ataona tofauti hiyo mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Udanganyifu vituoni hauhitaji maelezo marefu. Simu zinakatazwa kila mwaka na zinaingia kila mwaka. Kama majibu yalizunguka kituoni, asilimia inapima kituo, haipimi walimu.

Ufaransa, wizara ya elimu inatoa vipimo vya lycée tangu miaka ya 1990, na haitoi namba moja. Kuna asilimia ya waliofaulu baccalauréat. Kuna waliofaulu kwa alama za juu. Na kuna kipimo ambacho hapa kwetu kingebadilisha mabango mengi: kati ya watoto walioingia darasa la kwanza la lycée, wangapi walifika mpaka baccalauréat wakiwa shule ileile. Halafu wanalinganisha na kile kilichotarajiwa, wakiangalia umri wa watoto, hali ya wazazi wao na kiwango walichokuja nacho. Shule inayopokea watoto wa hali ngumu na kuwafikisha mbali inaonekana. Ile inayochagua wenye akili tupu mlangoni nayo inaonekana.

Congo kupata vipimo kama hivyo kwa nchi nzima si kazi ya kesho. Lakini kwa shule moja, kazi hiyo inachukua asubuhi moja. Kila shule ina daftari la walioandikishwa kila mwaka na orodha ya wafinalisti. Kila shule ina pia kamati ya wazazi, COPA, ambayo ina haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kuanza mwaka, wakati prefe anasoma bei mpya za masomo. Maswali ni matatu: miaka minne iliyopita mliandikisha wangapi darasa la kwanza la opsioni hii, wangapi walikaa kwenye Exetat, na wangapi walipita 60?