Ngazi za Bomani: Masasi, Newala na Urithi wa Jengo la Serikali

Mtu wa Newala akisema anakwenda bomani, hana haja ya kueleza zaidi. Ana shida na serikali, basi. Tumelizoea neno hili hata tumesahau kwamba boma, kabla ya kuwa ofisi, ni ua au ukuta wa kumzuia mtu asiingie. Kwa maoni yangu, uhusiano wa mtu mwenye ulemavu na jengo la serikali umejificha humo.

Wajerumani walipojenga maboma yao kusini walikuwa wakijenga ngome. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na misheni ya UMCA iliyoanzishwa hapo mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru ikachomwa moto. Mwaka uliofuata Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala, katika nchi iliyokuwa bado inanuka baruti. Utawala wa aina hiyo hupenda mahali pa juu, kuta nene na lango moja. Raia huitwa, hakaribishwi.

Waingereza walibadili bendera na sheria, lakini umbo la ofisi likabaki lile lile kwa sehemu kubwa: sakafu iliyoinuliwa, baraza mbele, ngazi katikati. Kuinua sakafu kulikuwa na sababu zake, yaani maji ya mvua na mchwa. Kuifanya ngazi kuwa njia pekee ya kuingilia, hata hivyo, ulikuwa uamuzi, nao ulichukulia kwamba mwenye shida bomani ana miguu miwili imara, anaona na anasikia.

Uhuru haukuugusa uamuzi huo. Mwaka 1982, baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu wa 1981, Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira za walemavu, nyingine ya matunzo yao. Hii ya pili ndiyo inayonishughulisha. Anayetunzwa huletewa, hatarajiwi kufika mwenyewe kudai hati ya kiwanja, kufungua kesi ya mirathi au kuhoji malipo ya korosho zake. Na hayo yalitokea katika nchi ambayo Masasi yake ilikuwa na shule ya wasioona. Kijana aliyejifunza kusoma nukta nundu pale, je, ni tangazo gani la serikali angelisoma ukutani?

Mabadiliko ya fikra yalikuja na Sera ya Taifa ya mwaka 2004, wakati Rais akiwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inayotambua haki ya kuyafikia majengo ya umma bila vikwazo. Kwa Sensa ya 2022, wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Hao si wageni wa nadra.

Sheria, lakini, haijengi. Kipimo kinachokubalika na wengi ni kwamba kila sentimeta moja ya kupanda idai sentimeta 12 za urefu. Sakafu iliyoinuliwa sentimeta 60 itahitaji mteremko wa mita 7.2. Katika mchoro, hiyo ni mistari michache ya penseli. Jengo likishakamilika, uwanja umekwisha kuliwa na maegesho, na fundi huambiwa abane pale panapopatikana. Ndipo huzaliwa ile miteremko mikali tunayoiona nchini, ambayo mwenye kiti mwendo hawezi kuipanda bila kusukumwa na watu wawili. Kwenye karatasi ya ukaguzi huwekewa alama ya tiki. Mimi naiita ngazi iliyolazwa.

Masasi na Newala sasa kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya, na ofisi zitaendelea kujengwa na kukarabatiwa. Mhandisi anayesaini michoro hiyo aulizwe urefu wa mteremko kwa mita, upana wa mlango wa choo, na kama chumba cha mahakama kiko chini au ghorofani. Aulizwe kabla msingi haujachimbwa, na waulizaji wawemo watakaoutumia mlango huo.